Harusi ya Binamu wa Selin

Nilipoandikwa kazi kwa Auntie Wanja, tulipatana nifue, nipike, na nikae na mama yake. Kumsomea mama yake televisheni hatukupatana. Hiyo ilikuja yenyewe wiki ya pili, siku Shosho, maana hivyo ndivyo nilivyomwita nyanya huyo, aliposema macho yake yamekataa kabisa.

"Yale maandishi ya chini sasa ni kama siafu wakitembea," aliniambia. "Wewe ulienda shule. Nisomee."

Nilijibu ndiyo. Sikumwambia kwamba niliachia darasa la sita, na kwamba hata nikiwa darasani mwalimu alikuwa akiniruka zamu ya kusoma kwa sauti ikifika, kwa sababu nilichelewesha wengine.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Munyaka, nyumba ya mawe yenye ua mdogo na sukuma wiki nyuma. Auntie Wanja ana agroveti mjini, na tangu mvua ianze wakulima walikuwa wanampigia foleni kwa mbegu na mbolea, kwa hivyo alirudi giza likishaingia. Mchana kutwa tulikuwa wawili tu, mimi na Shosho Wahu. Saa kumi na mbili jioni, kabla ya habari, tulikuwa watatu, kwa sababu Selin alikuwa anakuja.

Selin ndiye msichana wa tamthilia. Ilikuwa tamthilia ya nchi za nje, watu wanaongea lugha yao, na Kiswahili kinapita chini ya picha. Kinapita mbio. Nyumbani kwetu ni Turbo, karibu na barabara ya Webuye, na maneno ya televisheni yalinikumbusha malori ya huko: ukishika neno la kwanza ubavuni mwa lori, lori lenyewe limeshakwenda. Basi nilikuwa nashika neno moja, mengine namalizia kwa kuangalia nyuso. Mtu akikunja uso, nasema amekasirika. Akimshika mwenzake mkono, nasema anaomba msamaha.

Shosho hakuwa mtu wa kudanganywa kwa urahisi.

"Mbona hapo wameongea mpaka chai yangu imepoa, na wewe umesema tu 'wamesalimiana'?"

"Salamu za kwao ni ndefu, Shosh."

"Haiya! Wanawashinda hata nyinyi Wakalenjin."

Alipenda kunichokoza hivyo. Mimi nilicheka na kuangalia chini. Siku nyingine alisema nikiolewa bwana yangu atadhani amepewa bubu, mpaka siku ya kwanza ya tamthilia ndipo atajua nina mdomo.

Siku niliyoingia ile nyumba, Auntie Wanja alinipeleka jikoni akashusha sauti. "Kitu kimoja tu, Jeruto. Kwa mama usiongee mambo ya Burnt Forest. Tulikuwa na shamba huko, na nyumba. Unajua 2008, vita vya baada ya uchaguzi." Nilisema najua. Nilikuwa na miaka mitano wakati huo, na nilichojua ni kile ambacho watoto hujua, kwamba wakubwa wakianza kukiongea wanakutuma nje.

Sasa, wiki ya tatu ya kusoma, mambo ya Selin yaligeuka. Ilikuwa usiku kule kwenye picha. Watu wa kijiji cha jirani walikuja na mienge, wakachoma nyumba za kina Selin moja baada ya nyingine. Watu wanapiga mayowe. Mama yake Selin ametoka na godoro kichwani, mtoto mdogo anamshika sketi. Nilikaa pale nimeshika mto wa kiti. Sikuhitaji kusoma kitu. Lakini mimi ni Mkalenjin, na aliyekaa kando yangu ni mama Mkikuyu aliyeacha nyumba Burnt Forest, na nilikuwa nimeambiwa.

"Kelele gani hiyo?" Shosho aliuliza.

"Harusi."

"Harusi?"

"Ndiyo, Shosh. Wanapiga vigelegele."

"Usiku?"

"Kwao ni usiku."

Aligeuza sikio upande wa televisheni. Kisha akauliza, "Nani ameoa?"

Mdomo wangu ulisema, "Binamu wa Selin," na tangu hapo nikawa nimeingia.

Sijui kama mtu mwingine amewahi kubeba harusi isiyokuwapo kwa miezi miwili. Kina Selin walipokuwa wanalala kwenye mahema, nilisema wamekwenda mapumziko baada ya sherehe. Walipohamia mjini kutafuta vibarua, nilisema binamu amewaita wakae karibu naye. Na Shosho alimpenda yule bibi harusi kuliko Selin mwenyewe. Kila wiki lazima amuulizie.

"Amesharudi kwao kusalimia?"

"Alirudi jana, Shosh, ulikuwa umesinzia."

"Ana mimba?"

"Nafikiri."

Mwishowe ilibidi azae. Nilimpa mapacha, mvulana na msichana, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na watoto wawili wanalia nyuma ya picha na sikujua ni wa nani.

Yote hayo ningeweza kuyabeba. Shida ilikuja Aprili, Auntie Wanja aliporudi na barua ya hospitali. Ni mtoto wa jicho, akasema, na daktari amekubali. Jicho la kulia litafanyiwa upasuaji Jumatatu ijayo, na baada ya siku chache tu Mum atakuwa anaona vizuri. Shosho alipiga makofi. Alisema kitu cha kwanza anataka kuona ni sura ya Selin, halafu ya bibi harusi, halafu yangu.

Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Nguo zenyewe zilikuwa mbichi.

Nilijua kitakachotokea. Ataona maandishi, atayasoma mwenyewe, kwa sababu Shosho alisoma mpaka darasa la nane la wakati wa zamani. Atamtafuta bibi harusi na hatamwona. Atajua kwamba msichana aliyeletwa kumsaidia hajui kusoma vizuri, na tena ni mwongo, na tena aliuficha moto. Ni huo wa mwisho uliokuwa unaninyima raha. Mtu anaweza kuuliza Mkalenjin anaficha moto wa nini.

Nilikuwa naipenda ile nyumba. Shosho hakuwahi kuniita kwa kupiga kelele. Akitaka kitu aligonga fimbo sakafuni mara mbili, taratibu, kama mgeni anayebisha.

Basi nikasema nitamwambia kabla ya Jumatatu. Jumanne sikumwambia. Jumatano alikuwa na wageni wa kanisa. Alhamisi ikafika, saa kumi na mbili, nikampa chai, nikawasha.

Kipindi cha siku hiyo kilikuwa cha kupoa. Mama yake Selin yuko nyumbani kule mjini, anachambua mboga. Mlango unabishwa. Anafungua, na nje amesimama mwanamke mmoja wa umri wake, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Nilimjua. Alikuwa jirani yao wa zamani, wa kile kijiji kingine. Walikuwa wakichota maji pamoja kabla ya ule usiku.

"Nani amekuja?" Shosho aliuliza.

"Jirani yao."

"Amesema nini?"

Alisimama tu. Halafu akaanza kuongea, pole pole, neno, kisha kimya, kisha neno. Na kwa sababu alikuwa anaongea hivyo, maandishi ya chini nayo yalikaa. Hayakukimbia. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hiyo, niliyasoma yote mpaka nukta.

*Meza yenu iko kwangu.*

Nikasoma kwa sauti. "Meza yenu iko kwangu."

*Kila siku tunakula juu yake.*

"Kila siku tunakula juu yake."

*Watoto wangu hawajui ni ya nani.*

Hilo sikulitoa. Nililiona, nikalisoma moyoni mpaka mwisho, nikafungua mdomo, na kilichotoka si maneno. Nililia. Si machozi mawili ya kufuta na kanga. Nililia kwa sauti, kifua kikiruka, nimeziba mdomo kwa mkono na bado sauti inapita katikati ya vidole. Nilishangaa mwenyewe. Nilimzika nyanya yangu bila kulia hivyo. Nilitoka shule bila kulia hivyo. Na sasa mwanamke wa televisheni, ambaye hata jina lake sikuwa na hakika nalo, amenifanya nini?

Shosho aliweka kikombe chini. Alinitafuta kwa mkono hewani mpaka akapata bega langu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Ni bibi harusi?"

Swali hilo lilinifanya nilie zaidi. "Shosh, hakuna bibi harusi."

"Najua."

Nilimwangalia. Macho yake yalikuwa yameelekea dirishani, meupe kidogo katikati kama kawaida.

"Ile siku ulisema harusi, ulikuwa moto," alisema. "Mtoto, mimi nimesikia nyumba yangu ikiungua. Macho ndiyo yameharibika. Masikio yako sawa."

"Sasa mbona ulikuwa unaniuliza juu yake kila wiki?"

"Nilitaka kuona utafika naye wapi." Mabega yake yalianza kutikisika. "Ukampatia mapacha! Nikasema, ngai, huyu msichana akiendelea hivi tutaona mpaka wajukuu."

Nilicheka na machozi hapo hapo, kamasi zinatoka. Nilimwambia na ile nyingine, kwamba sijui kusoma haraka, kwamba niliachia la sita. Alisema hiyo pia ameisikia kwa masikio. Nilimwambia niliogopa kwamba moto utamuumiza.

"Nilijua. Ndiyo nikanyamaza nikala harusi." Akapangusa jicho. "Lakini leo hakuna moto. Sauti ni ya mtu anaongea tu. Wewe unalia nini?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Alikuwa anacheka, mambo niliyoyaogopa yalikuwa yamekwisha, na hakuna mtu angejua. Lakini mkono wake ulikuwa bado begani mwangu, na aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Jikoni kwetu kuna mlango," nilimwambia.

Na nikamweleza. Ni mlango wa bati nene, mkubwa kuliko fremu yake, na baba aliukata chini ili uingie. Nikiwa mdogo ulikuwa na rangi ya samawati na herufi nyeupe zilizopakwa kwa brashi. Nilikuwa napenda kukaa hapo mama akipika, nafuata zile herufi kwa kidole. Hakuna aliyenifundisha. Nilizijua tu kama unavyojua sura za watu wa nyumbani. Nilipoingia darasa la kwanza, mwalimu alitupa chaki akasema anayejua kuandika jina lake aandike. Mimi niliandika NJENGA. Mwalimu alicheka sana. Akaniuliza, wewe ndiye Njenga? Mkalenjin mwenye jina la Kikuyu? Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikamwambia baba kwamba mwalimu amecheka, kwamba mimi peke yangu niliandika bila kukosea. Baba hakunipiga. Jioni hiyo hiyo alienda senta akanunua rangi ya kijani, akaupaka mlango wote, hata kabla ya kula. Mama alisimama na sufuria mkononi, akimwangalia.

"Ukipitisha kidole bado unazisikia chini ya rangi," nilisema. "Mimi nilidhani baba alichukia mwandiko wangu. Mpaka leo, Shosh. Nimekaa na hiyo mpaka leo, mpaka huyu mama aliposema watoto wake hawajui."

Televisheni ilikuwa imeingia kwenye matangazo ya sabuni. Mkono wa Shosho ulitoka begani mwangu, si kwa ghafla, ukarudi mapajani mwake.

"Njenga yupi?" aliuliza.

"Sijui."

"Kina Njenga ni wengi."

"Sijui, Shosh. Sijui kama baba aliuchukua, ama aliuziwa, ama aliukuta barabarani. Sikuwahi kuuliza."

Alisema nimpe fimbo yake. Nilitaka kumshika mkono, akasema ataenda mwenyewe. Alitembea akigusa ukuta mpaka chumbani kwake, na chakula cha jioni hakukila. Auntie Wanja aliporudi akauliza mbona Mum hajala, nilisema alisema hana njaa. Hiyo ilikuwa kweli.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea uji. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema asante, akafungua redio yake ya Kikuyu. Niliosha nyumba. Nilifua. Nilichuma sukuma zaidi ya zile tulizohitaji. Kila fimbo iliposogea nilidhani ananiita aniambie nikusanye vitu vyangu, lakini alikuwa anajinyoosha tu. Sikumlaumu. Nilijiuliza nitamwambia nini mama nikishuka Turbo na mfuko wangu kabla ya mwisho wa mwezi. Labda ningesema Shosho alipona macho, hawanihitaji tena. Ningebaki palepale na uongo mwingine.

Saa nane kasoro kidogo, fimbo iligonga sakafu mara mbili.

Nilienda nikasimama mlangoni. Shosho alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, leso mpya kichwani.

"Leo hakuna marudio?"

"Yapo, Shosh. Saa nane."

"Sasa unangoja nini? Washa. Jana ulinikatia katikati."

Niliwasha. Nilikaa mbali kidogo, kwenye stuli. Kipindi kilikuwa kile kile. Mama yake Selin na mboga zake. Mlango ukabishwa. Mwanamke wa kitambaa cheusi akasimama, na nilisoma yote matatu kwa sauti. Meza yenu iko kwangu. Kila siku tunakula juu yake. Watoto wangu hawajui ni ya nani.

Shosho alisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Hawakuji hivyo," alisema.

"Nini, Shosh?"

"Hawakuji hivyo. Wangu alikuja. Mama Dennis, tulipakana shamba. Alikuja hapa hapa, mwaka wa tatu baada ya sisi kuhama. Kabati langu la vyombo liko kwake, watu wa kanisa walikuwa wameliona kwa macho yao. Aliniletea maziwa, mtungi wa lita tano. Akakaa. Tukaongea mvua. Tukaongea mahindi, na ng'ombe wake aliyezaa ndama amekufa. Mimi namngoja. Nikamwongeza chai, namngoja. Vikombe vitatu. Halafu akasema jua linakwenda, akachukua mtungi wake akaenda."

"Hakusema?"

"Hakusema. Na mimi sikuuliza. Nikaosha kikombe." Alinyoosha kidole kwenye televisheni, kidogo kando ya pale ilipokuwa. "Huyu anaongea kama mtu aliyeandikiwa."

"Ameandikiwa, Shosh."

"Ndiyo. Wewe jana hukuandikiwa."

Sikujua mahali pa kuweka mikono. Nikaiweka chini ya mapaja.

"Usiku sikulala," aliendelea. "Nilikuwa nakukasirikia. Nikasema, hata nyumbani kwangu, kwenye kiti changu, umeniletea huo mlango. Nikakukasirikia mpaka jogoo wa hapa kando akalia. Halafu nikahesabu. Ulikuwa na miaka mitano, hata mlango wenyewe usingeweza kuuinua." Alitafuta kikombe, nikakisogeza kikafika mkononi mwake. "Jumatatu Wanja hatafunga duka, si kwa msimu huu. Utanipeleka wewe. Na kesho ufue ile sweta yangu ya zambarau, nisiende hospitali kama mtu wa kuokotwa."

"Sawa, Shosh."

"Na ukienda kwenu, muulize baba yako ni Njenga yupi. Usimuulize kwa ubaya. Muulize ukimsaidia kazi, akiwa ameinama."

Nilisema sawa tena, lakini hii ilitoka polepole, kwa sababu nilimwona baba ameinama kwenye mahindi na sikuona mdomo wangu ukifunguka. Shosho aliisikia hiyo pia.

"Si lazima iwe safari hii," alisema. "Sasa soma. Mama yake Selin amemjibu nini?"

Niliangalia. Chini ya picha hapakuwa na maandishi. Jana hapa ndipo nilipokuwa nalia, kwa hivyo sikujua kinachofuata.

"Hajajibu. Hakuna kitu cha kusoma."

"Basi niambie unachoona."

"Wamesimama wote wawili. Mama yake Selin ameshika kisu cha mboga, amekishusha chini. Anamwangalia tu."

"Amekasirika?"

Niliutazama ule uso vizuri, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuutazama. Siku nyingine ningesema ndiyo, amekasirika, au hapana, amemsamehe, na tungeendelea.

"Siwezi kujua, Shosh."

"Mh," alisema Shosho, akanywa chai. "Mwache. Asikimbizwe."